Sekunde na Matone ya Mwenzake

“Mimi wivu siujui,” Baba Mdogo alitangaza kwenye kipaza sauti siku ya harusi ya binti yake, mbele ya watu mia tatu na wapishi wao. “Miaka ishirini na saba nimekaa na mke wangu, sijawahi kumuuliza ametoka wapi wala alikuwa anaongea na nani. Wivu ni ugonjwa wa wanaume wasiojiamini. Mkwe wangu, huo ndio wosia wangu kwako.”

Ukumbi ulipiga makofi. Mkwe akatoa simu akaandika, maskini, kama mwanafunzi siku ya kwanza. Mama Mdogo, aliyekaa kando ya msemaji, alikuwa akishughulika na paja la kuku na hakuinua kichwa. Baadaye alimwambia mama yangu, “Hajauliza kwa sababu nafanya kazi hatua kumi kutoka pale anapokaa. Angeuliza nini?”

Hatua kumi ni kweli, maana nimezipima kwa miguu yangu. Ni jengo la ghorofa mbili lenye korido ndefu chini, sakafu yake imechakaa katikati kama soli ya kiatu. Upande wa kushoto kuna duka la dawa lenye kioo kipana mbele, na nyuma ya kaunta yake Mama Mdogo amesimama na koti jeupe tangu binti yao akiwa chekechea. Upande wa kulia, chini ya ngazi, pale ambapo majengo mengine huweka ndoo na mifagio, kuna meza ya Baba Mdogo. Yeye ni fundi saa. Korido nzima inamwita Sekunde, nami nikiwa pale namwita hivyo hivyo, kwa sababu ukiita “Baba Mdogo” kwenye korido ile wanageuka wanaume sita.

Kazi ya saa, kusema kweli, ilikuwa imebaki ya watu wawili watatu kwa siku. Kila mtu sasa anaangalia saa kwenye simu. Kwa hiyo miaka minne iliyopita Sekunde alipangisha nusu ya meza kwa fundi simu anayeitwa Laini, kwa kuwa alianza maisha kwa kuuza laini za simu barabarani. “Simu zimeniua,” Sekunde aliwaambia watu, “nimeona bora nikae na muuaji meza moja, nimwone vizuri.”

Walielewana. Waligawana taa, waligawana redio, waligawana hata mkate wa saa nne. Na waligawana lenzi. Hiyo ni ile lenzi nyeusi ya mafundi saa, kama kikombe kidogo cha yai, inayobanwa kwenye jicho kwa nyusi na shavu ili mikono yote miwili ibaki huru. Ya Sekunde ilikuwa nzito, ya zamani, inakaa jichoni kama imezaliwa hapo. Laini aliipenda kwa kuonea nyaya nyembamba za ndani ya simu. Mmoja akimaliza anamrushia mwenzake, mwenzake akimaliza anairudisha, na kwa miaka minne haikuwahi kufutwa kwa kitu kingine zaidi ya pindo la shati.

Sasa Laini mwenyewe. Ana miaka arobaini na moja, ana mabega, ana meno yake yote, hana mke, na anacheka kabla utani haujafika mwisho, kwa hiyo kila mtu akiwa naye anajiona mchekeshaji. Haya yote Sekunde aliyajua miaka minne bila kumuuma popote. Hadi Jumatatu ile.

Jumatatu ile Laini aliingia na jicho la kulia limevimba kama andazi. Hakwenda mezani, alikwenda moja kwa moja mlangoni pa duka la dawa.

“Shemeji, nimeamka jicho limefungwa kwa gundi.”

“Toa mkono!” Mama Mdogo alimkatiza. “Usilisugue, na usishike kioo changu. Simama hapo kwenye mwanga.”

Alilitazama kwa mbali. Jeupe lote lilikuwa jekundu, na tongotongo zito la njano limegandia kwenye kope. “Hayo macho mekundu hayo, na rangi hiyo inanuka bakteria. Lakini mimi siandiki dawa, mimi natoa. Panda juu kwa daktari.”

Laini akapanda zahanati ya ghorofa ya pili, akashuka na karatasi. Ilikuwa dawa ya matone, ya kuua bakteria: tone moja kila saa mbili kwa siku mbili za kwanza, kisha tone moja kila saa nne mpaka siku ya saba, hata jicho likipona kabla. Mama Mdogo alimpa chupa, akamweleza, na Laini akasimama palepale mbele ya kioo ajitilie. Dawa ilifika shavuni. Ikafika kwenye masharubu. Ikafika kwenye kola ya shati. Jichoni haikufika.

“Mwanaume mzima,” Mama Mdogo akasema. “Kaa.”

Alinawa mikono, akazunguka kaunta, akamkalisha kwenye kiti cha wateja. Akamshika kidevu, akakiinua. Kwa kidole kimoja akavuta kope ya chini mpaka ikawa kama mfuko mdogo. “Tazama juu. Juu, si kwangu.” Tone likaanguka ndani ya mfuko. “Funga taratibu. Usikamue. Bonyeza kidogo hapa kwenye kona, karibu na pua.”

Ng'ambo ya korido, Sekunde alikuwa na lenzi jichoni. Lenzi ile huonyesha kitu kilicho chini ya pua yako; kitu kilicho mbali huwa ukungu mtupu. Sekunde aliona kila kitu.

“Mkono wako mwepesi, shemeji,” Laini alisema, akacheka.

Na Mama Mdogo naye akacheka.

Kuanzia hapo fundi wetu hakutengeneza kitu. Alikuwa na saa kumi na moja mezani na zote zilimsaidia kazi moja tu. Dawa ya saa nne, sekunde kumi na nane. Ya saa sita, ishirini na mbili. Ya saa nane, thelathini na moja, na kicheko juu yake. Hakuna mtu aliyemwambia apime. Lakini mtu aliyepima sekunde maisha yake yote, ukimwekea jambo la kumuuma mbele ya macho, atalipima tu.

Jumatano alikuja nyumbani kwetu, akamkuta mama yangu anachambua mchele.

“Shemeji,” akamwambia, “hivi mtu akikuita shemeji, anapitia kwa nani?”

“Kwa mume wangu.”

“Ndiyo. Kwa hiyo mume yumo katikati.”

“Yumo.”

“Sasa mtu huyohuyo leo akiacha kukuita shemeji, akaanza kukuita dada?”

“Ameniheshimu.”

“Amenitoa katikati!” Sekunde akaruka kwenye kiti. Kisha akakaa, akakohoa. “Namaanisha, mtu huyo amemtoa mume. Mume yeyote. Nauliza tu.”

“Mke wako anaitwa dada na nani?” mama akauliza bila kuacha mchele.

“Nimesema nauliza tu!”

Akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea.

Alhamisi asubuhi aliamka na jicho la kulia limegoma kufunguka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalibandua kope moja moja kwa maji ya uvuguvugu, mke wake akiwa bafuni. Mtu mwingine angesema, nimebahatika, mke wangu anatoa dawa. Yeye alijiona kaambukizwa aibu. Asimame foleni nyuma ya Laini? Akae kwenye kiti kilekile, bado kina joto la Laini, ashikwe kidevu kwa mkono uliotoka kumshika Laini? Bora apofuke.

Akaenda kazini, akabana lenzi kwenye jicho bovu, akaiacha hapo. Alikula mkate na lenzi. Alisalimia watu na lenzi. Alienda chooni na lenzi. Laini alipoiomba, akaitoa ameinamia droo, kama anatafuta kitu, na hakuinuka hadi aliporudishiwa.

Na hapo ndipo lilipomjia wazo. Chupa ya Laini ilikaa kwenye droo ya Laini. Kila baada ya saa kadhaa Laini anaichukua, anavuka korido, anashikwa kidevu, anarudi nayo. Sekunde akapiga hesabu zake: chupa ikiisha, safari zimeisha. Laini alipotoka kwenda kutafuta kioo cha simu ya mteja, Sekunde akafungua droo, akainama chini ya meza, akajitilia. Matone matatu jichoni, badala ya moja, na ncha ya chupa akaigandamiza kabisa kwenye kope ili asikose. Kisha mengine saba sakafuni, kwa roho mbaya tu.

Alifanya hivyo kila alipopata nafasi. Siku Laini akitoka mara tatu, Sekunde alitibiwa mara tatu. Siku Laini akishinda amekaa, hakutibiwa kabisa. Jumapili jengo limefungwa, dawa nayo imefungiwa humo. Ijumaa jicho lilipungua wekundu, Jumapili likarudi kwa kishindo, na ilipofika jioni hiyo Mama Mdogo alimgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha la sebuleni.

“Hilo jicho.”

“Vumbi.”

“Vumbi la njano? Kesho panda kwa daktari, ushuke nikupe dawa.”

“Nina dawa yangu.”

“Umeipata wapi?”

Hapo angeweza kusema ukweli na mambo yakaisha. Badala yake akavimba. “Mji huu hauna duka moja la dawa.”

Kumbe na Mama Mdogo naye ana wivu huohuo. Miaka ishirini na saba anamtolea mtu huyu dawa ya kichwa, ya tumbo, ya fungasi za vidole, halafu jicho moja tu likiuma anampelekea mwanamke mwingine nyuma ya kaunta nyingine!

“Ahaa,” akasema. “Maduka mengine.” Akachukua mto wake na taulo lake. “Basi mimi nalala chumba cha binti. Macho hayo yanaambukiza. Yakikauka utanijulisha. Au watakujulisha huko huko unakotibiwa.”

Sekunde alisikia mlango wa chumba cha binti unafungwa. Kitaalamu mama wa watu alikuwa na haki: mto mmoja na taulo moja ni njia nzuri kabisa ya kugawana macho mekundu. Lakini yeye hakusikia utaalamu. Alichosikia ni mke amehama chumba wiki ileile aliyopata kaka mpya mwenye mabega. Alijilaza akimkokotoa Laini: kimo, umri, meno. Kila hesabu ilitoka vibaya.

Jumatatu chupa ikaisha. Laini akaipeleka kaunta.

“Imekwisha, dada.”

Mama Mdogo akaitikisa. “Mililita kumi? Kwa jicho moja, wiki moja? Hii ilitakiwa ibaki zaidi ya nusu. Unamtilia nani mwingine?”

“Sina mtu wa kumtilia! Mimi naishi na pasi na sufuria.”

“Na jicho lako lilikuwa linapona, mbona limerudi? Panda tena juu.”

Akapanda, akashuka na karatasi nyingine ya chupa mpya, siku saba upya. Ila Mama Mdogo hakumpa chupa mkononi. “Hii inakaa kwangu. Usisumbuke kuvuka. Saa ikifika nakuja mwenyewe mezani kwako.”

Kwa hiyo matunda ya akili ya Sekunde yakawa hayo: ile safari ya hatua kumi, badala ya kufutwa, ikageuzwa upande. Sasa mke wake alivuka korido mara kadhaa kwa siku, akasimama kando ya bega lake, harufu ya sabuni yake ikimfikia, akamtibu mwanaume mwingine juu ya meza yake mwenyewe. Mume mwenyewe aliishia kusalimiwa kama mnavyosalimia mpangaji: “Habari za hapa.”

Alivumilia Jumatatu. Jumanne, dawa ya saa sita, ngazi ilikuwa imejaa wagonjwa wanaosubiri zamu ya zahanati, wamekaa ngazi hadi ngazi kama watazamaji wa mpira. Mama Mdogo alikuja, ametoka kunawa mikono, akamshika Laini kidevu.

“Tazama juu.”

Sekunde akarusha kibano mezani. “Miaka ishirini na saba!”

Korido yote ikageuka.

“Miaka ishirini na saba mimi hujanishika kidevu!”

“Wewe ulikuwa na nini kidevuni?” Mama Mdogo akauliza.

“Si lazima niwe na kitu! Huyu siku ya tisa leo. Siku tisa kila siku kidevu, kidevu, juu, juu. Jicho gani haliponi siku tisa? Anajifanya! Alikuita shemeji, sasa anakuita dada, kesho atakuita nani?”

“Sekunde, ndugu yangu—” Laini alianza.

“Mimi si ndugu yako, ndugu yako ni huyo!”

Bibi mmoja kwenye ngazi ya tatu akasema, “Mwacheni aseme, kakaa nalo muda.”

Mama Mdogo alisogea, akanyoosha mkono, akaitoa lenzi kwenye jicho la mume wake kama mtu anayefunua sufuria. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, kope zimeshikana kwa njano. Akalitazama la Laini. Akalitazama tena la mumewe. Yote mawili ya kulia. Akaitazama lenzi, imeshikilia ukoko wa njano ukingoni.

“Hiki kidude kinakaa kwenye jicho la nani?”

“Letu,” walijibu kwa pamoja.

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Mama Mdogo hakucheka. “Na wewe, hilo duka lako lingine liko mtaa gani? Nataka kwenda kuwauliza wamekupa nini.”

Sekunde akaangalia viatu vyake. Kisha akaangalia droo ya Laini. Ilitosha.

“Sekunde!” Laini akasimama. “Ni wewe uliyenimalizia dawa?”

“Nilitaka iishe.”

“Iishe ili iweje?”

“Ili usiende tena.”

“Lakini ilipoisha nikapewa nyingine!”

“Nimeona,” Sekunde akasema, kwa sauti ya mtu aliyefungua saa na kukuta skrubu moja imebaki nje.

“Ulidondosha kwa juu, au uligusisha ncha?” Mama Mdogo akauliza.

“Niligusisha. Nisikose.”

“Kwa hiyo uchafu wa jicho lako ukaingia kwenye chupa yake, naye akatiliwa na mimi, kwa mkono wangu huu. Halafu mkarushiana hiki kidude. Mmekuwa mkiambukizana zamu kwa zamu, na mimi nasimama katikati kama mwamuzi.” Midomo ilimtetemeka, na hakuna aliyejua kama ni hasira au kicheko kinachozuiwa. “Hakuna duka lingine?”

“Hakuna.”

“Hata moja?”

“Mama watoto, mimi duka lingine nalijulia wapi?”

Mama Mdogo akaonyesha ngazi. “Panda juu kwa daktari. Usiruke foleni, hao wamekutangulia.”

Alikaa kwenye ngazi saa moja na nusu karibu na bibi yule, aliyemshauri muda wote kuhusu ndoa. Aliposhuka, lenzi ilikuwa imeshaoshwa kwa sabuni na kupigwa spiriti, na amri imetoka: haibanwi jichoni na mtu yeyote mpaka wote wawili wapone, na baada ya hapo Laini atafute ya kwake. Ile chupa ya jana ya Laini, ambayo Sekunde hakuigusa, iliandikwa jina la Laini kwa kalamu nene. Ya Sekunde, mpya, ikaandikwa la kwake.

Kisha ikafika zamu. Mama Mdogo akamshika kidevu. Na fundi huyu, ambaye anaweza kukodolea springi nyembamba kuliko unywele dakika tano bila kupepesa, alipepesa mara kumi na nne.

“Tulia.”

“Nimetulia.”

“Unatetemeka.”

“Si mimi, ni kiti.”

Tone likaingia. Hakupima sekunde. Nilimuuliza baadaye zilikuwa ngapi, akasema saa zote zilikuwa zimesimama, na mimi nikamwambia basi ni fundi mbaya.

Hakubadilika siku moja, usimwonee huruma. Kesho yake tu alinung'unika, “Kwa nini unaanza na yeye?”

“Yeye aliugua kwanza.”

“Mimi ni mume.”

“Bakteria hawajui hilo.”

Laini alijifunza kujitilia mwenyewe siku ya tatu, nadhani kwa kuogopa kibano. Akarudi kusema shemeji, tena kwa sauti kubwa, mara mbili kwenye sentensi moja. Sekunde alitiliwa siku saba kamili bila kukosa tone, hata baada ya jicho kuwa jeupe siku ya nne, kwa sababu ndivyo karatasi ilivyosema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitii karatasi. Siku ya nane mto wa Mama Mdogo ulirudi kitandani. Ila mchana, kwenye korido, hakuna tena aliyevuka hatua kumi. Saa nne ilifika ikapita. Saa sita nayo.

Siku ya kumi Sekunde aliondoka mezani, akaenda kusimama foleni dukani nyuma ya mama mwenye mtoto na kijana wa malaria. Zamu yake ikafika.

“Nikusaidie nini?”

“Jicho. La kulia. Linawasha kidogo.”

Mama Mdogo akaegemea kaunta akalitazama. Lilikuwa safi kuliko la kwake mwenyewe.

“Dawa ya bakteria sikupi. Hapo haina kazi, utaiharibu bure.”

“Basi nipe yoyote.”

Akamwangalia muda. Akainama kwenye rafu ya chini, akatoa chupa ndogo ya machozi ya dukani, yale maji ya kulainishia macho makavu. Akanawa mikono bila haraka, akazunguka kaunta, akamkalisha, akamshika kidevu. Nyuma watu wawili walikohoa na mmoja akaangalia saa kwenye simu yake. Mama Mdogo akatia tone la kulia, kisha, bila kuombwa, na la kushoto. Mkono ulibaki kidevuni hata baada ya tone kuingia. Baadaye akarudi nyuma ya kaunta na kuweka chupa mbele yake.

“Hata mume analipa?” Sekunde akauliza, macho bado yamefumbwa.

“Elfu mbili na mia tano.”